Sekunde Tisa za Jemadari

Shemeji yangu aliniletea laptop imefungwa taulo. Taulo la kuogea, limekazwa kwa mpira, na juu yake mfuko wa plastiki. Akaiweka mezani kwangu kwa ncha za vidole, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Ina virusi," alisema. "Nimeipangusa na spiriti, wapi!"

Jamani! Mtu mzima, ana ndevu, ana bendi ya watu sita wanaomwita Jemadari, halafu anapangusa virusi vya kompyuta na spiriti. Nina mwaka wa nane kwenye kibanda hiki cha kutengeneza kompyuta, nimeona mengi, lakini huyu aliyemwoa dada yangu ana kipaji chake. Nikamuuliza alikuwa anapakua nini. Akajikohoza. Kumbe alikuwa anatafuta programu ya bure ya kunenepesha sauti. Na mwenyewe haimbi hata mstari mmoja. Kazi yake ni kupayuka.

Ngoja niwaeleze. Nyimbo za ile bendi ni kumi na mbili. Anayeziimba ni dada. Anayezitunga pia ni dada: anapiga pasi huku anaguna, akipata mstari anauandika nyuma ya madaftari ya watoto. Jemadari yeye, wimbo ukianza tu, anadaka maikrofoni: "Jemadaaari! Mtunzi mwenyewe! Mwamba wa miamba!" Anapayuka hivyo juu ya sauti ya mkewe mpaka mstari wa kwanza unapita bila mtu kuusikia. Jukwaani hivyo, studio hivyo hivyo.

Siku ile alikuwa na haraka, kwa sababu saa tisa alasiri ofisi ya kusajili kazi za wasanii ilikuwa inaacha kupokea maombi. Walitaka nyimbo kwenye flashi, pamoja na fomu moja. Kwenye fomu kuna sehemu ya mtunzi. Atakayeandikwa hapo ndiye mwenye nyimbo, basi, habari imekwisha. Fomu alikuja nayo mfukoni, ameijaza kote isipokuwa hapo, maana hapo alitaka jina lake kwa mwandiko wangu mzuri. Nyuma yake alisimama dada, mkoba kifuani, kimya kama hayumo.

Kimya hicho kiliniudhi kuliko virusi.

"Dada, na wewe huna la kusema?"

"Tengeneza kwanza, mdogo wangu," alinijibu.

Nikafungua. Kila faili limeongezewa mkia wa herufi zisizoeleweka, na hakuna hata moja linalolia. Nikatoa nakala, nikazichungulia ndani. Kirusi chenyewe kilikuwa kivivu: kiliharibu mwanzo tu wa kila faili, huku kwingine hakikugusa. Nikakata kipande kilichooza, nikaondoa ule mkia, nikabonyeza. Sauti ya dada ikajaa kibandani, safi kabisa, kuanzia mstari wa pili.

"Umeniokoa, shemeji!" Jemadari alipiga makofi. Kisha akatega sikio. "Mbona mimi sijisikii? Niko wapi?"

"Umeliwa."

"Nimeliwa vipi?"

"Sekunde tisa za mwanzo wa kila wimbo hazirudi tena. Na sekunde tisa za mwanzo ni wewe unapayuka."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Sijawahi kumpenda mdudu kama nilivyompenda yule. Jemadari hakucheka. Alitaka turekodi mwanzo upya, pale pale, maana maikrofoni ninayo.

"Sawa," nikamwambia. "Lakini mstari wa kwanza wa kila wimbo umekwenda pamoja na wewe. Lazima uimbwe tena. Haya, mtunzi, nitajie maneno."

Akaangalia dari. "Wimbo wa kwanza... si ule wa mapenzi?"

"Maneno, shemeji."

"Mpenzi... Mpenzi wangu..." Jasho jembamba likaanza kumtoka. "Mama watoto, hebu mkumbushe."

Nilimwona dada anafungua mdomo, na roho ikaniuma, kwa sababu nilijua atamsaidia. Miaka kumi na moja anamwokota kila anapoanguka, naye akishasimama anajikung'uta na kusema hakuanguka. Nilitamani nimzibe mdomo. Badala yake nikawasha kurekodi, nikamsukumia maikrofoni kwa hasira.

Hakumnong'oneza mumewe. Aliimba, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyepayuka juu yake:

"Ewe mvaa viatu vya rangi mbili, wanao wakuulizia, nawe wauliza kioo."

Sote watatu tukaangalia chini. Viatu vya Jemadari vilikuwa vyeupe mbele, vyekundu nyuma.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Wa pili," dada alisema, akaimba: "Jemadari wa sebuleni, hata soksi zako hujui zilipo."

"Mama watoto..."

"Wa tatu. Bwana wangu ana mgongo, humshika siku ya kubeba maji."

Lo! Mwanamume akanywea. Akavua kofia, akaivaa tena. Mistari mingine yote inasema "yeye" tu. Ile ya kwanza ndiyo inayotaja ni nani, na ndiyo aliyokuwa akiifunika kwa makelele yake. Miaka yote hiyo amezunguka kumbini anawaambia watu wainue mikono, kumbe anayechambwa ni yeye, na ngoma anajipigia mwenyewe.

"Zote?" aliuliza.

"Zote kumi na mbili," dada alisema. "Wa tisa na mama yako yumo."

Nikachukua kalamu. Ilikuwa saa saba na robo. "Haya shemeji, muda unakwenda. Kwenye mtunzi nikuandike wewe? Mtunzi wa Jemadari wa sebuleni?"

"Usiniandike!" Alinishika mkono. "Una wazimu? Mtu atajitukana mwenyewe? Andika ni zake."

"Ngapi?"

"Zote! Mimi simo!"

Dada akaninyang'anya kalamu. Aliandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, polepole. Nilifurahi mpaka macho yakaniwasha, nikajitia kutafuta flashi kwenye droo. Kisha akaimba mistari tisa iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, bila kusita, nami nikaiunga yote kumi na mbili kwenye nyimbo na kuzitia kwenye flashi. Jemadari alikuwa mlangoni, amewapa mgongo wapita njia.

Walipokuwa wanatoka alimvuta mkewe pembeni, kofia imemfika machoni. "Mama watoto, niambie kweli. Watu watajua ni mimi?"

"Wewe walikujua siku zote," dada alimjibu, akitumbukiza flashi mkobani. "Mtunzi ndiye waliyekuwa hawamjui."