Shemeji wa Mtaa Mzima

Mtaani kwetu Manzese, ukiamkia wazee asubuhi na jioni, ukabeba ndoo ya mtu na ukaja na tikiti maji, unapewa cheo. Projestus tulimpa cheo cha shemeji. Alikuwa anamfuata Editha, dada anayeuza kwenye duka la dawa, mpangaji wa chumba cha nyuma ya saluni yangu. Akawa yupo dukani, yupo bombani, yupo nje ya kanisa siku ya mazoezi ya kwaya, na yeye haimbi.

"Huyo mtu sina uhusiano naye," Editha alituambia.

"Huna vipi, na yeye anajua mpaka namba ya viatu vyako?" nikamjibu. Saluni nzima ikacheka, mie nikacheka mpaka kitana kikanidondoka. Leo nikiikumbuka ile sentensi jasho linanitoka. Siku ile niliona nimechekesha.

Editha akabadilisha laini. Projestus akaja kwangu mnyonge: "Dada Loveness, mwenzio kaninunia." Nikampa namba mpya. Nikamwongezea na ratiba ya kwaya, maana mie nikiwa mkarimu sijui kuishia katikati.

Jumanne moja mchana Editha akaja kusuka. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa aliposema, "Dada, unamjua mtu anayetaka kitanda? Nahamia Gongo la Mboto."

"Gongo la Mboto kuna nini?"

"Yeye hayupo."

Akanieleza taratibu, kama anavyowaelekeza wagonjwa kutwa mara tatu. Miaka miwili iliyopita, Editha akiuza dawa Tandale, Projestus alinunua kwake dawa ya kichwa. Editha akamwambia ugua pole, kama anavyowaambia hata wanaonunua pamba. Basi, hakuna kingine. Kichwa kikapona, mwenyewe hakuondoka. Editha akahama Tandale kwa sababu yake, na kazi akaacha.

"Nimebadilisha laini tatu, dada. Wiki haiishi, anapiga. Sijui anapewa na nani."

Nikainamia zile rasta kama ndiyo nazishika kwa mara ya kwanza duniani. Mie maisha yamenichapa hadi tukazoeana, nilidhani wanaume wabaya nawajua wote: mlevi, mpigaji, mwenye wake watatu asiowasema. Huyu wa kubeba ndoo sikuwa naye kwenye orodha.

"Kitanda hakiuzwi," nikasema. "Inuka twende polisi."

"Na nywele?"

"Zitatusindikiza."

Kwenye dawati la jinsia tukamkuta Afande Tusajigwe, mama mpole. Akamuuliza Editha alimwona lini, wapi, alisema nini. Editha akashindwa. Meseji alishazifuta, akiziona anatapika, na siku zote zimemchanganyikia.

"Afande, niruhusu," nikasema. "Jumatatu ya wiki iliyopita, saa nne kasorobo, shati la maua, mkono mmoja haukupigwa pasi. Alisimama kwenye nguzo ya umeme mpaka saa sita na robo, akala mihogo miwili. Jumatano alikuja na tikiti. Alhamisi alimfuata mpaka kituo cha mwendokasi, akarudi anafuta viatu."

"Mama, polepole." Akafungua ukurasa wa tatu. "Unayakumbukaje yote haya?"

"Nasukiaga mlangoni. Mikono ina kazi, macho hayana."

Miaka yote watu wananiita mmbea. Siku hiyo umbea wangu ukaandikwa kwa kalamu ya serikali, nami nikavimba kwenye benchi. Ndipo afande akauliza, "Na namba mpya alipewa na nani?"

Nikaangalia dari.

"Mie," nikasema. "Na ratiba ya kwaya."

Nimezoea nikiongea watu wanacheka. Hakucheka mtu. Editha akanigeukia, upande mmoja kasukwa, upande mmoja umesimama wima.

"Iandike na hiyo, afande," akasema. "Shahidi wangu anajua mengi mno, lazima ijulikane alivyoyapata."

Tuliporudi nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikiomba watu wasimpe Projestus habari za Editha. Mzee Fransis, fundi viatu, akagoma.

"Lakini kijana ana adabu, Loveness."

"Shikamoo mzee. Na adabu zake hizo, binti wa watu anakimbia mtaa."

"Marahaba." Akapiga msumari mmoja. "Sasa namba ya viatu nilimtajia mie."

Jumamosi shemeji akaja na tikiti. Akamwamkia Mzee Fransis. Mzee, ambaye hajawahi kuacha shikamoo bila kuiitikia, hata ya mlevi, akajijaza misumari mdomoni. Projestus akaniuliza mie Editha yuko wapi. Nikasema sijui. Akauliza bombani, kwa muuza mkaa, kwa mama wa chapati. Mtaa unaojua mimba kabla ya mwenye nayo, siku hiyo haukujua kitu. Akaondoka na tikiti lake.

Polisi wakamwita, akaandikisha maelezo, akaambiwa asimkaribie. Akapiga simu na kutuma meseji mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili tulirudi kwa afande na simu mkononi, meseji hazijafutwa. Halijaisha. Editha bado anageuka nyuma akitembea, ila kitanda kiko chumbani kwake.

Jana alipita mlangoni kwangu, kapendeza, ananukia.

"Nikusindikize?" nikauliza.

"Leo nitaenda mwenyewe, dada."

Swali lilikuwa limeshanifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikageuza kiti nikatazama ukuta, nisijue hata kama alikata kulia au kushoto. Mpaka sasa sijui alikwenda wapi, na inaniuma kama jino.