Ushahidi wa Marselino

Kwa miaka tisa Scolastika aliishi na Sostenes, fundi seremala wa Runzewe, akazaa naye watoto wawili, lakini kanisani hawakuweza kufunga ndoa. Ile aliyofunga na mume wa kwanza ilikuwa bado inahesabika. Mume huyo, Marselino, alikwenda kuchimba dhahabu Rwamgasa binti yao Vumilia akiwa na miezi minne, akaoa huko kimila, asirudi tena. Kila Jumapili wenzake walipojipanga kupokea komunyo, Scolastika alibaki kwenye benchi.

Paroko mpya, Padri Donatus, alimwita ofisini.

"Kanisa halivunji ndoa," alimweleza. "Lakini mahakama ya jimbo inaweza kuchunguza kama ile ilikuwa ndoa kweli tangu siku ya kiapo. Kama mmoja wenu alilazimishwa, hapakuwa na ndoa. Ila Marselino lazima aulizwe."

Mahakama ilimwandikia Marselino mara mbili, hakujibu. Scolastika akaamua kumfuata mwenyewe. Sostenes alimsindikiza mpaka stendi.

"Akikukatalia, rudi tu nyumbani," alimwambia. "Mimi sikukufuata kwa ajili ya cheti."

Alimkuta Marselino kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Marselino alimpeleka nyumbani. Aliyempa kiti na maji ni mkewe, Paskalia.

"Karibu, Mama Vumilia," alisema, kama mtu aliyekuwa akimtarajia.

Marselino alikaa akitazama chini. "Barua nilizipata. Niliona aibu. Nilichotakiwa kuandika sikutaka ukisome."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka nikisikie."

"Sikutaka kuoa, Mama Vumilia. Nilikuwa na huyu Paskalia tayari. Baba akasema nisipokuoa wewe nisikanyage tena kwake, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatoka. Nikaapa mbele ya padri, moyo wangu haupo."

Scolastika aliikumbuka siku ile. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amevaa gauni la kuazima, ameimba mpaka sauti ikakauka. Kumbe furaha yote ile aliibeba peke yake. Alilia, wala hakuficha uso. Paskalia akaja kukaa karibu yake, akamshika bega.

Scolastika alipotulia alisema, "Basi kawaambie hivyo hivyo. Usipunguze."

Marselino alikwenda kwenye mahakama ya jimbo, akasema yote. Hukumu ilitoka baada ya mwaka mmoja: ndoa ile haikuwahi kuwepo. Scolastika alidhani nyumba nzima itafurahi, lakini Vumilia, aliyekuwa amefikisha miaka kumi na mitano, aligoma kula.

"Kama haikuwa ndoa, mimi mtoto wa nini?"

Mama akampeleka kwa Padri Donatus.

"Mama yako aliapa kwa moyo wake wote, akiamini ni ndoa," padri alimwambia. "Sheria ya Kanisa inamhesabu mtoto wa ndoa ya namna hiyo kuwa halali. Hukumu hii haikugusi hata kidogo."

Vumilia akauliza jambo ambalo mama yake hakulitegemea. "Nikienda kumwona baba, nitakuwa nimemkosea Baba Sostenes?"

"Kamuulize mwenyewe," alisema Scolastika.

Sostenes aliacha randa juu ya ubao, akamsikiliza mpaka mwisho. "Nenda, mwanangu. Mimi nitakuwepo ukirudi."

Mwezi Agosti Scolastika na Sostenes walifunga ndoa, na Vumilia ndiye aliyesoma somo la kwanza. Desemba, shule zilipofungwa, akapanda basi la Geita kwenda kwa baba yake. Siku ya pili alipiga simu, nyuma yake watoto wakipiga kelele.

"Mama, huku kuna kadada kangu kanaitwa Asteria. Tumefanana mpaka pua. Hakataki niondoke."

Scolastika alicheka, akampa Sostenes simu naye asikie.