Salamu za Mwenyekiti, Chini Kulia

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa dole gumba.

Watu wakija ofisini kwetu Musoma kuonyeshwa tovuti, mimi niliwaangalia mikono, kwa sababu usoni siwezagi kumwangalia mtu. Dole gumba linashuka kwenye kioo cha simu, linapita picha ya kitabu, linapita bei, linafika chini kulia, linabonyeza. Halafu linarudi haraka kama limegusa sufuria iliyo motoni. Linashuka tena, linabonyeza tena. Baada ya mara tatu au nne simu inaingia mfukoni na mtu anasema, "Nitaangalia vizuri nikifika nyumbani." Hakuna aliyewahi kuangalia vizuri akifika nyumbani.

Tovuti ilikuwa ya Jumuiya ya Rafu Moja. Wanachama ni watu wa Musoma, Bunda na Butiama wenye vitabu ambavyo wamekwisha kuvisoma, au ambavyo wanajua hawatavisoma. Wanavileta ofisini. Mimi navipiga picha, naviingiza kwenye kompyuta, na mtu akinunua nakifunga kitabu kwa karatasi ya kaki na kukipeleka stendi. Juu yake naandika jina, namba ya simu na mahali mzigo unaposhuka. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na siongei sana. Shule niliishia darasa la tano. Nilichokisoma baada ya hapo nimekisoma humo ofisini, nimesimama, kati ya kupiga picha na kufunga.

Tovuti ilifunguliwa Januari kwa keki na maombi. Mpaka Machi ilikuwa haijauza hata kitabu kimoja. Wanachama wakakasirika, wakaamua: kama mpaka mkutano mkuu wa mwisho wa Juni tovuti haijauza vitabu ishirini, chumba kirudishwe kwa mwenyewe, kila mtu achukue vitabu vyake, na Boke arudi kwao. Boke ni mimi. Kwetu ni Mwitongo, Butiama, ambako tuna mihogo, mbuzi, na vitabu viwili, vyote vya nyimbo za kanisani.

Siyo kwamba vitabu havikuwa vinatoka. Kwa simu vilitoka. Prudence wa Kabasa, kule Bunda, anauza mitumba huku anajisomea mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa ananipigia karibu kila wiki.

"Dada Boke, hicho cha Baiolojia nimekiona. Nabonyeza nunua, anakuja yule mzee."

"Mzee gani?"

"Si huyo wenu mwenye tai! Nabonyeza nunua, anakuja. Namfunga, nabonyeza, anakuja. Ananisalimia. Dada, bando langu lote limeisha kwa kusalimiwa."

Nilimfungia kitabu chake, akalipa kwa simu, kikaenda. Lakini hicho hakikuhesabiwa. Katibu wetu, mama Debora, alisema kuuza kwa kupigiana simu ni mambo ya kizamani, na sisi tulikuwa watu wa mtandao.

Mzee mwenye tai alikuwa Mwenyekiti Magige, mkaguzi mstaafu wa pamba. Picha yake ilikuwa kwenye duara chini ya ukurasa, upande wa kulia, mkono ameuinua. Ukimgusa, zinafunguka kurasa tatu za Salamu za Mwenyekiti, na sauti yake inaanza kuzisoma. Kwenye kompyuta ya ofisi alikaa pembeni kwa adabu, hakumsumbua mtu. Kwenye simu ndogo, kama yangu au ya Prudence, alikuwa amekaa juu kabisa ya kitufe cha Nunua. Na kamati yote ilikuwa inaitazama tovuti kwenye kompyuta.

Nilijua hilo tangu Januari. Maneno nilikuwa nayo, tena mafupi. Kila kikao niliingia nayo pamoja na chupa ya chai, nikatoka nayo pamoja na vikombe.

Kikao cha kwanza cha kuboresha tovuti kiligundua kwamba tatizo ni rangi.

"Bluu inaleta usingizi," alisema mama Debora.

Jofrey, kijana aliyeitengeneza tovuti, akaibadilisha ikawa kijani. Tukauza sifuri.

Kikao cha pili kikagundua kwamba watu hawaaminiani, kwa hiyo ziwekwe nyota, mnunuzi ampime muuzaji. Wiki ileile wanachama wote walipeana nyota tano tano bila mtu kununua chochote. Mmoja aliandika: "Muuzaji huyu ni mtu wa watu, alituchotea maji siku zote za msiba wa mama." Vitabu, sifuri.

Kikao cha tatu Jofrey alikohoa.

"Mwenyekiti, labda tuangalie upande wa chini kulia."

"Chini kulia kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwenyekiti. Kuna wewe."

"Sasa?"

"Nasema pamekaa vizuri."

"Endelea, mura, kijana wangu," alisema Mwenyekiti, na Jofrey akaendelea, ila na kitu kingine. Alisema kuna njia wanayoitumia wataalamu. Unamchukua mtumiaji wa kawaida, unampa simu, humsaidii neno, unamwangalia anakwama wapi. Simu inaunganishwa na projekta, kila mtu anaona ukutani.

"Wa kawaida kiasi gani?" aliuliza mama Debora.

Wakageukia mlangoni. Mimi ndiyo nilikuwa naingia na chai.

Wakanikalisha mbele. Jofrey akaunganisha simu yangu, yenye kioo kilichopasuka, na ufa wake ukatokea ukutani mrefu kama mto.

"Jifanye unanunua kitabu," aliniambia. "Chochote unachotaka."

Nikachagua Hisabati ya darasa la sita.

Kitabu hicho nilikuwa nimekipiga picha mwenyewe. Kona moja ilitafunwa na mbuzi, na ndani kulikuwa na majibu ya penseli yaliyofutwa, lakini ukikiinua kwenye mwanga unayaona. Nilikuwa nakitamani wiki mbili. Ningeweza kumwambia mama Debora aniuzie, lakini angeuliza, "Cha nani?" Angeuliza kwa wema, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa jirani. Kwenye tovuti hakuna anayeuliza. Unaandika jina, unalipa, umemaliza. Nadhani katika Jumuiya nzima mimi ndiye niliyeipenda tovuti ile kuliko wote, kwa sababu ilikuwa duka unaloingia bila kuangaliwa na mtu.

Nikabonyeza Nunua. Mwenyekiti akatokea ukutani, mkubwa kama mlango.

"Habari za leo, ndugu mpenda vitabu," sauti yake ikasema kutoka kwenye simu, na yeye mwenyewe pale kwenye kiti akatikisa kichwa kuitikia.

Nikamfunga. Nikabonyeza. Akatokea. Nikamfunga. Jasho lilinitoka mpaka simu ikawa inateleza. Nilijaribu ukingo wa kitufe, nikajaribu kwa ukucha, akatokea. Jofrey alikuwa anaangalia dari kama anayetafuta panapovuja.

"Mara saba," alisema Mwenyekiti polepole. "Nimehesabu. Mara saba." Akanigeukia. "Binti, niambie bila kuogopa. Ulikuwa unatafuta nini?"

Hapo ndipo ningesema. Mama Debora alikuwa ananiangalia. Jofrey naye akashusha macho kutoka darini akaniangalia, macho ya mtu anayekuomba umshikie mzigo wake kidogo. Nikafungua mdomo.

"Salamu zako, mzee," nikasema.

Kwenye muhtasari waliandika: "Mtumiaji wa kawaida alifungua Salamu za Mwenyekiti mara saba kwa hiari yake. Imeazimiwa picha iongezwe ukubwa."

Wiki iliyofuata Prudence akapiga.

"Dada Boke, mzee wenu mnamlisha nini? Amenenepa! Amefunika mpaka bei."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika mkutano mkuu, vitabu vilivyouzwa ni sifuri, na sasa kosa lilikuwa langu. Nilianza kusoma haraka haraka, vitabu viwili kwa pamoja, kama mtu anayekula kabla sahani hazijaondolewa.

Halafu nikakumbuka visanduku. Kwenye ukurasa ninaoingizia picha za vitabu kulikuwa na mstari chini kabisa ambao Jofrey aliniambia nisiuguse. Uliandikwa: Onyesha picha ya Mwenyekiti kwenye kompyuta, kwenye simu. Visanduku viwili, vyote vina alama ya vema. Nilikuwa nimeviona kila siku tangu Januari, kama unavyoona misumari ya ukutani.

Jumanne, saa nne asubuhi, mama Debora alikwenda sokoni kununua dagaa. Nikagusa kisanduku cha simu. Alama ikatoka. Ilichukua muda wa kuua mbu.

Nikafungua simu yangu. Chini kulia kulikuwa na kitufe, kijani, peke yake. Sikuwahi kukiona chote. Nikakibonyeza, na hakuna mtu aliyenisalimia.

Palipoandikwa jina niliandika Robi, kwa sababu huku ukiita Robi sokoni wanageuka wanne. Mahali, Mwitongo. Kulikuwa na swali jingine, kitabu ni cha mwanafunzi wa darasa la ngapi, nikajibu la sita. Nikalipa. Kompyuta ikalia kengele, kengele ambayo Jofrey aliiweka kwa ajili ya mauzo na hatukuwa tumewahi kuisikia. Mama Debora alikuwa anaingia. Akadondosha dagaa.

"Ni nini?"

"Mtu amenunua, mama."

Akapiga vigelegele. Akanipiga picha nikikifunga kitabu, akapiga picha kifurushi, akapiga picha anwani. Baada ya hapo sikuwa na njia, ikabidi nikipeleke stendi, kipakiwe kwenye gari la Butiama. Jumamosi nikaenda nyumbani nikakipokea.

Ijumaa ya kabla ya hapo Prudence alikuwa amenunua vitatu kwa mkupuo. Akapiga.

"Dada, yule mzee amefariki?"

"Hapana! Yupo."

"Yupo wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Mwacheni hukohuko."

Mpaka mwisho wa Juni tulikuwa tumeuza arobaini na kimoja.

Jofrey alijua. Siku moja alifungua tovuti kwenye simu yake, akaitazama ile kona muda mrefu, akanitazama mimi, akaitazama kona. "Kumbe," alisema, akanywa chai yake. Kwenye ripoti aliandika kwamba njia ya mtumiaji imeboreshwa kwa utaalamu wa hali ya juu. Sikumchukia. Yeye alikohoa angalau.

Mkutano mkuu ulijaa. Walikuja mpaka watu wa Bunda. Kompyuta iliunganishwa na projekta, tovuti ikatokea ukutani, na Mwenyekiti kwenye kona yake, mkubwa, mkono juu.

"Ndugu wanachama," alisema Mwenyekiti wa kwenye kiti, "mnataka siri? Siri ni hiyo mnayoiona. Tulipoongeza picha, mauzo yakafunguka. Mtu ananunua kwa mtu anayemjua uso."

Wakapiga makofi. Mstari wa tatu mwanamume mmoja alikuwa amefungua tovuti kwenye simu. Aliangalia ukutani, akaangalia simu, akaangalia tena ukutani. Kisha akaweka simu mapajani akapiga makofi na wenzake.

"Na mnajua mteja wetu wa kwanza ni nani?" Mwenyekiti aliinua karatasi. "Mtoto! Anaitwa Robi, mwanafunzi wa darasa la sita, wa Mwitongo. Mtoto mdogo ameingia mtandaoni kutafuta Hisabati! Tutamtafuta popote alipo. Nitapiga naye picha, mimi na yeye na kitabu, na hiyo picha tutaiweka..."

"Chini kulia!" alipaza sauti mtu wa nyuma.

"Chini kulia!" alisema Mwenyekiti.

Jofrey alifumba macho.

"Boke," Mwenyekiti akaniita, "wewe si ni wa hukohuko? Unamfahamu mtoto huyo?"

Nikasimama. Ukumbi wote ukageuka.

"Hapana, mzee," nikasema, nikakaa.

Ajira yangu ipo. Chumba kipo. Lakini juzi mama Debora amerudi kutoka Mwitongo kwa mara ya pili na kamera. Ananiambia wamewapata watoto sita wanaoitwa Robi, wamewapanga mstari, wote wamekataa, na mmoja amelia. Jumamosi ijayo Mwenyekiti anakwenda mwenyewe.

Kwa hiyo naandika, kwa sababu kuandika naweza.

Shikamoo, mzee. Siku ile ya ukutani sikuwa natafuta salamu zako. Ulikuwa umekaa juu ya kitufe. Alama ya kwenye simu nimeitoa mimi, na naomba isirudishwe. Na watoto wa Mwitongo waacheni wakacheze. Yule mwanafunzi wa darasa la sita ni mimi. Nina miaka ishirini na miwili, na nimefika kwenye kugawanya sehemu.