Kichwa Kikiwa Ndani ya Gauni

Shangazi yangu ni daktari. Marehemu bibi alikuwa akiongeza haraka, "daktari asiyeweza kutibu hata mafua," maana siku binti yake aliporudi nyumbani na hicho cheo, bibi alimwonyesha goti linalomsumbua, akajibiwa, "Mama, mimi ni daktari wa vitabu." Bibi akalifunika goti lake. "Haya. Kitabu kikiugua tutakuita."

Kitabu kiliugua mwaka huu, na aliyekipima homa ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nangoja matokeo, na nyumbani walishachoka kunisikiliza. Baba akampigia dada yake simu: "Njoo umchukue huyu, ana mdomo kama redio." Shangazi akasema redio ndiyo hasa anayoitafuta. Alikuwa na kaseti mia mbili na kumi na tatu kwenye masanduku ya viatu, sauti za wanawake aliowahoji tangu ujana wake: wafagiaji wa ofisi, wauguzi, wafuma vikapu, mafundi cherehani. Kazi yangu ilikuwa kuzicheza moja moja, kuziingiza kwenye kompyuta, na kulinganisha kila kaseti na karatasi zilizopigwa taipu enzi hizo. Akanibatiza Redio papo hapo.

Lazima mumjue kidogo. Shangazi aliwahi kukaa chini mlangoni pa ofisi moja siku tatu, na thermosi yake, mpaka wauguzi wakarudishiwa likizo ya uzazi. Amefukuzwa kwenye mikutano mitatu na kualikwa tena kwenye yote mitatu. Na kazi yake yote inasimama juu ya sentensi moja aliyoibandika juu ya meza: KILA NENO NA MWENYEWE. Hiyo ilitokana na bosi wake wa kwanza, ambaye sisi nyumbani tunamwita Mzee wa Mbele. Utafiti wa kwanza wa Shangazi ulipochapishwa, jina la mbele lilikuwa la mzee. La Shangazi alilikuta mwishoni, kwenye shukrani, baada ya dereva. Alipigana kwa barua miaka saba mpaka likarudishwa mahali pake, na akawafundisha wanafunzi wote waliopita mikononi mwake kwamba maneno ya mwanamke yakichapwa kwa jina la mwanaume, huo ni wizi tu, hata kama mwizi amevaa tai.

Sasa kile kitabu chake maarufu kilikuwa kinatolewa upya. Ijumaa kilikuwa kinakwenda kwa mchapaji. Jumatano asubuhi mimi nikafika kaseti ya themanini na nane, ya fundi cherehani.

Kaseti hiyo ndiyo yenye sentensi. Mmeshaiona, kwenye mabango na fulana, na pale wanawake wanapoandamana: "Mwanamke akishika mkasi, kitambaa hakina amani." Kitabu kinafunguka nayo, chini yake pameandikwa: *Fundi cherehani mmoja.* Basi nikaketi nimsikie mama huyo shujaa kwa masikio yangu. Cherehani ikalia, trrrr. Fundi akaeleza habari za wateja wasiolipa. Trrrr. Pasi ikabwagwa juu ya meza, kisha ikaja ile sentensi, neno kwa neno.

Kwa sauti nzito ya mwanaume. Mwenye kikohozi.

Nikarudisha nyuma. Akakohoa tena, akasema tena, na kwa hasira kabisa, kama mtu aliyekatiwa shati lake. Halafu kaseti ikafika mwisho, kop.

"Shangazi," nikaita, "wale mafundi wako, kuna aliyekuwa na ndevu?"

Akaja na miwani kwenye nywele, akasikiliza. Akaishusha miwani machoni, kana kwamba sauti huonekana, akasikiliza tena. Mara ya tatu alikaa juu ya sanduku la viatu, na sanduku likakubali yaishe.

"Huyo ni mumewe," alisema. "Alikuwa nyuma, anapiga pasi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia. Yule dada alikataa kuhojiwa na mtu asiye mteja, nikamwambia anishonee gauni. Nilikuwa najaribisha. Zipu ilikwama." Akajishika kichwa. "Redio, nilikuwa na kichwa ndani ya gauni."

"Na karatasi za taipu?"

"Mpiga taipu hakuambiwa kama kuna mtu wa tatu. Kila kilichosemwa kaandika *Fundi*. Na mimi sikusikiliza tena. Nilikuwa nakimbizana na Mzee wa Mbele, nilijua nikichelewa wiki moja atakitoa yeye."

Nikamwangalia, akaliangalia bango lake juu ya meza. KILA NENO NA MWENYEWE. Sentensi iliyokuwa inatembea kifuani mwa wanawake miaka thelathini ilikuwa ya mume anayenung'unika.

Nilitaka kusaidia. Nikasema, "Kaseti za zamani hizi, Shangazi, huwa zinajikata zenyewe. Hasa zikikanyagwa."

"Wewe!"

"Nimesema huwa."

"Mzee wa Mbele yuko hai," alisema taratibu, "na akilisikia hili atapona hata kisukari. Atasema, aliyenipigia kelele miaka saba kumbe naye anagawa maneno ya watu." Akavua miwani. "Na atakuwa amesema kweli. Hicho ndicho kinachonikera. Vaa viatu."

Fundi bado alikuwa kwenye chumba kilekile: mlango mmoja, cherehani mbili, pazia lilelile la maua nadhani, na vipande vya nguo hadi kwenye vifundo vya miguu. Ukutani, juu kabisa ya meza ya pasi, palikuwa na bango kubwa limewekewa fremu: *Mwanamke akishika mkasi, kitambaa hakina amani.* Chini ya bango, mzee mwembamba alikuwa anapiga pasi suruali. Akakohoa. Mimi na Shangazi tukatazamana.

"Mwalimu!" Fundi akainuka, futi shingoni. "Na huyu nani, mbona ana macho ya kupekua?"

"Mtoto wa kaka. Usimpe nafasi ya kuongea."

"Shikamoo mama, shikamoo baba," nikasema, nikaishia hapo, na sifa zangu nazitaka.

Shangazi hakuzunguka mbuyu. Akatoa kompyuta, akawachezea. Trrrr, pasi, kikohozi, sentensi, kop. Mzee akaisimamisha pasi wima. Fundi alianza kucheka kwa mabega, sauti ikafuata baadaye.

"Dada, ulijua?" Shangazi akauliza.

"Kitabu kilipokuja niliona nimesema jambo zuri. Nikajiuliza, nililisema lini? Lakini mtu akikuletea zawadi mlangoni, unamwuliza kama amekosea nyumba?"

"Na wewe, shemeji?"

Mzee alifuta jasho. "Mimi nilijua siku ileile. Alikuwa amekata suruali yangu ya harusi kumtengenezea mtoto kaptula."

"Ilikuwa haikutoshi tena," fundi akasema.

"Ilikuwa ya *harusi*. Basi nikasema nilichosema. Mwaka uliofuata wakaja kunitundikia kichwani. Miaka thelathini napiga pasi chini ya hasira zangu mwenyewe, na wateja wananiambia, baba, mkeo ana hekima."

"Kwa nini hukusema?" Shangazi akauliza.

"Ningesema, nani angeniamini?"

Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka. Wanawake mia mbili na kumi na tatu walikuwa wamemwambia maneno hayohayo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayasikia kwenye kaseti themanini na saba. Akakaa kwenye benchi la wateja, juu ya koti la mtu, akafungua mkoba.

"Nimekukosea," alisema. "Kesho kutwa kitabu kinakwenda kuchapwa. Nataka niandike jina lako."

"Hapana!" Mzee alirudi nyuma nusura akalie pasi. "Shemeji, nakuomba. Pale ninapocheza drafti kuna wanaume wanane. Kila mmoja mkewe amemsomea maneno hayo. Wakijua yametoka kwangu, kuna siku nitarudi nyumbani kweli?"

Hapo Shangazi alibanwa, nikamwonea huruma kidogo. Kanuni yake ya kwanza inasema kila neno lirudi kwa mwenyewe. Ya pili, aliyoipigania vilevile, inasema hakuna jina la mtu linalochapwa bila ridhaa yake. Fomu ya ridhaa ilikuwa mkononi, kalamu mkono wa pili, na mwenye neno amejificha nyuma ya suruali ya mteja.

"Basi nitaifuta sentensi," Shangazi akasema. Aliisema polepole sana. Ni kama mtu anayekubali kukatwa kidole. "Siwezi kuiacha kwa dada, si yake. Siwezi kuiandika kwako, hutaki. Itoke."

Hata fundi aliacha kucheka.

"Unafuta vipi nusu ya ugomvi?" mzee akauliza. "Mbona hamjauliza alinijibu nini?"

"Nilijibu?" fundi akasema.

"Kaseti iliishia pale," nikasema, maana nafasi nilishajipa.

"Kaseti iliisha, yeye hakuisha. Huyu? Anyamaze?" Mzee alimwelekezea mkewe kidole, bila hasira. "Nilisema, mwanamke akishika mkasi, kitambaa hakina amani. Ukasema, hata kichwa hukuinua: 'Kitambaa kinachotaka amani kibaki dukani kizeeke.'"

Fundi alimtazama. Futi ilikuwa imemteleza begani na hakuiokota.

"Kumbe ulisikia."

"Nilikuwa napiga pasi, sikuwa nimekufa. Nimekaa nalo miaka thelathini. Lile la ukutani ni langu, halina kazi. La kwako ndilo lililofanya niache kuililia suruali."

Shangazi alikuwa anaandika kwa kasi mpaka benchi linatikisika. Aliponyanyua kichwa, macho yake yalikuwa na maji, lakini sauti ilikuwa ya kazini. "Nitaandika yote mawili. La kwanza la mume, amekasirika, anapiga pasi. La pili la fundi, kama linavyokumbukwa na mumewe, kwa sababu mwandishi alikuwa na kichwa ndani ya gauni."

"Utaandika hilo la gauni?" nikauliza.

"Kila neno na mwenyewe, Redio. Na kila kosa."

Mzee akafikiri. "Majina yetu yatakuwa pamoja?"

"Mstari mmoja."

"La kwake litangulie. Wale wa drafti wakiuliza, nitasema nilichokozwa." Akatia sahihi. Fundi akatia ya kwake, akamgeukia mumewe.

"Sasa panda ukarekebishe ukuta wako."

Mzee alipanda kwenye kigoda na chaki ya kukatia nguo, akaanza kuandika juu ya kioo cha fremu, chini ya herufi zile kubwa, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma zamani. Shangazi alikuwa kwenye simu na mhariri: ndiyo, ukurasa wa kwanza, hapana, haisubiri, ndiyo, gauni, umesikia vizuri. Mimi nilishika kigoda.

"Umesahau 'kizeeke,'" fundi akasema kutoka kwenye cherehani.

"Sijasahau. Kioo kimekwisha."

"Andika ukutani."

"Tutapaka chokaa ukuta wote upya, mama!"

"Andika ukutani," akasema fundi, akakanyaga cherehani. Mzee akakohoa, akavuka fremu, akaandika ukutani.