Maharage ya Mgeni

Muuguzi alikuja nyumbani kuamua jambo moja: Mama abaki kwake na msaidizi wa mchana, au ahamie makao ya wazee, penye wauguzi usiku na mchana. Mimi, kitindamimba wake, nilitaka abaki. Kaka pia alitaka, ila alikuwa ameacha kulisema.

"Mama, pika kama siku zote," muuguzi alisema. "Na nyie wawili, mikono mifukoni."

Mama alicheka. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule ya bweni, kwenye masufuria ambamo mtu angeweza kuoga. "Mgeni huyu ana amri kuliko mwalimu mkuu," alisema, akafunga aproni, akabandika maharage.

Akatia chumvi. Akakoroga, akasimulia kisa cha wanafunzi walioiba ukoko, akatia chumvi. Akafuta meza, akarudi, akatia tena. Nilifungua mdomo, muuguzi akanitazama, nikaufunga.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa chumvi. Mama hakuwahi kupakua kabla ya kudondoshea mchuzi kiganjani na kuulamba. Leo alipakua tu.

Tukala. Kaka alimeza kama mtu anayemeza dawa. "Matamu, Mama!"

"Mno," nikadakia, nikajiongezea upawa mzima ili muuguzi aone.

Mama alitutazama mmoja mmoja. Akachota mchuzi, akadondoshea kiganjani, akalamba.

"Nani kawafundisha kunidanganya?"

"Mama, imezidi kidogo tu..." Kaka alisema.

"Kidogo! Hata ng'ombe angeomba maji." Hakuna aliyecheka. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Leo mnanificha chumvi, kesho mtanificha moto." Akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, niandikie huko kwenye wauguzi wa usiku."

"Nitakaa nawe mimi," nilisema. "Kazi sijapata bado."

"Nimekusomesha uje kulinda jiko?" Akanishika shavu. "Utaitafuta saa ngapi hiyo kazi?"

Muuguzi alipoondoka, niliosha vyombo. Mama alikuwa amekaa kitini, mtulivu kabisa.

"Mgeni wenu keshakula?" aliuliza.

Kaka aligeukia dirishani.

"Keshakula, Mama," nilijibu.

"Kasifu?"

Nilifunga bomba. Ningeweza kusema ndiyo; lingekuwa neno rahisi kuliko yote niliyosema siku hiyo.

"Hapana, Mama. Chumvi ilizidi."

Aliinuka polepole, akafungua aproni yake, akaikunja vizuri na kunikabidhi.