Mitungi ya Meneja

Mdogo mtu aliporudi nyumbani baada ya kustaafu ofisini, hakuja kukaa, alikuja kusimamia. Wiki haijaisha alikuwa ameshabandika ukutani ratiba ya mwaka mzima: mwezi wa kupanda kabichi, mwezi wa kuzalisha sungura, mwezi wa kusindika nyanya. Dada mtu, aliyekuwa mpishi wa hospitali miaka thelathini na ndiye aliyeitunza bustani ile tangu wazazi wao wafariki, aliisoma karatasi, akabinua mdomo, akaenda kumwagilia. Tangu siku hiyo akawa anamwita Meneja, wala si kwa heshima.

Kabichi Meneja alizipanda kwa rula. Mistari ilinyooka ajabu, ila aliipanga kule bondeni, na mvua kubwa zilikuwa zimebakiza siku chache tu. Dada alimwambia mara moja kwamba pale maji hutuama. Meneja akamjibu taratibu, kama anayemwelewesha mtoto, kwamba suala hilo amelisoma. Baada ya wiki mbili vyura walikuwa wakiimba katikati ya mistari.

Sungura jike alipozaa, Meneja akawa anakifunua kiota kila asubuhi awapige picha watoto, awarushie wenzake wa zamani. Siku ya nne mama mtu akawasusa, wakafa wote saba. Meneja akasema aina ile ya sungura ndiyo mbovu. Dada aliwafukia nyuma ya banda, akafyonya, akanawa mikono.

Zikaja nyanya. Zilizaa kupita kiasi, na hizo zilikuwa za mkono wa dada. Meneja alijifungia jikoni kutwa, akatoka na mitungi thelathini ya kioo, kila mmoja una karatasi yenye tarehe na jina lake yeye. Dada aliuliza kama ameichemsha baada ya kuifunga. Akajibiwa kwamba imesuuzwa kwa maji ya moto, yatosha, hayo ya kuchemsha saa nzima ni mambo ya kizamani.

Wiki tatu baadaye wenzake wanne wa ofisini walimtembelea. Aliwazungusha kote, isipokuwa bondeni, kisha akampa kila mmoja mtungi wa kwenda nao. Dada alikuwa analeta chai. Aliona vifuniko vimevimba katikati. Akaweka birika chini, akapita kwa mgeni mmoja mmoja akiomba radhi, akawapokonya mitungi yote minne na kwenda kuimwaga kwenye shimo la taka. Mmoja ulifoka povu hadi kwenye kanga yake. Wageni waliona wenyewe, wakaaga mapema.

"Umeniaibisha mbele za watu," Meneja alimwambia walipobaki wawili.

"Afadhali aibu. Chakula kikivimbisha mtungi namna hiyo, kinaua. Nimepika hospitali, mdogo wangu, najua waliokula vitu kama hivyo wanaletwaje."

Siku mbili Meneja alikula kwa kuinamia sahani. Siku ya tatu alisimama kwenye mlango wa jiko na ndoo ya nyanya, akauliza, bila kumtazama, zinachemshwa kwa muda gani.

Dada hakumrahisishia. Alimtuma amwage ile mitungi mingine ishirini na sita, aioshe yote, akamue malimau ya kuzitia nyanya ukali zisiharibike, kisha akamsimamisha mbele ya sufuria kubwa, mvuke ukamlowesha shati. Alipotoa daftari, dada akamwambia aliweke chini, atazame maji. Akaliweka.

Maji yalipoanza kutokota akauliza kama sasa tayari.

"Bado."

Meneja akarudisha macho kwenye maji bila ubishi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi. Ilimkera dada kidogo kuona kwamba yeye mwenyewe hachukii kuwa na mdogo wake pale jikoni. Akamwambia aache kushangaa, akaongeze kuni.