Miche ya Mama na Kiti cha Dada

Mimi ni fundi wa sola, na nina hasira za karibu. Yote mawili yanajulikana mtaani, la pili zaidi. Kwa hiyo siku niliyompandishia mama sauti, jirani yetu mshona viatu hakushangaa. Alipunguza redio tu ili asikie vizuri.

Chanzo kilikuwa kiti cha dada. Dada yangu ni mwalimu, na tangu utotoni miguu yake haina nguvu. Anatumia kiti cha magurudumu matatu chenye mota na betri. Mwaka jana walimu waliambiwa shule yao inafungwa, na mwaka huu wangehamia ile ya juu kilimani. Kila alipojaribu kupanda, betri ilimzimikia katikati ya mwinuko. Mkuu wa shule mpya hakuzunguka mbuyu: mwalimu asiyefika kengele ikilia, darasa lake atapewa mwingine. Aliyemsukuma dada tangu darasa la kwanza mpaka chuo ni mama, na bega la mama sasa limekwisha, hata ndoo hainyanyui.

Nikamfungia paneli ya kioo juu ya kiti, iwe paa na iwe chaji. Kwenye mwinuko wa kwanza tu gurudumu la mbele likanyanyuka, dada akalala chali barabarani.

"Mdogo wangu," akasema, damu inamtoka kiwikoni na huku anacheka, "nimeomba umeme, wewe umeniezekea nyumba!"

Mimi sikucheka. Uzito wote ulikuwa wa kioo. Seli zenyewe, vile vipande vinavyogeuza jua kuwa umeme, ni nyepesi kama biskuti, na huvunjika kama biskuti, ndiyo maana lazima zifunikwe. Nilitaka kifuniko chepesi, kinachopitisha mwanga, kinachostahimili jua na mvua ya mawe. Nikapata plastiki za aina tatu. Ya kwanza ni ile ngumu ya kuezekea mabanda. Ya pili ni ile ing'aayo ya mabango ya maduka. Ya tatu ilikuwa utando mwembamba, laini, ambao hata muuzaji mwenyewe aliushika kwa mashaka. Nikakata kipande cha kila aina, nikavifunga juu ya paa letu la chini la jikoni ili jua livitafune miezi minane. Mabaki mama akaniomba, nikampa bila hata kuuliza ya nini.

Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini nilivikagua. Miezi minne ilipita, safi. Miezi minane, safi vilevile, vyote vitatu, kana kwamba vimetoka dukani jana. Nikajiona bingwa.

Zikiwa zimebaki wiki mbili shule zifunguliwe, nikasahau koleo nyumbani, nikarudi saa nne asubuhi. Nikamkuta mama juu ya kigoda, anatandika shuka kuukuu juu ya sampuli zangu.

"Mama, unafanya nini?"

"Nazifunika, mwanangu. Jua hili si mchezo, zitaungua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoziweka. Nikisikia mvua pia nazifunika. Jioni nazifunua, nisikuharibie kazi."

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Nilisema miezi minane imekwenda na maji. Nilisema dada atapoteza darasa kwa sababu ya shuka. Nilisema na mengine ambayo siyarudii. Mama alishuka kwenye kigoda taratibu, akikunja shuka kwa mkono mmoja ule mzima.

"Basi njoo uone zile ambazo sikuzifunika," akasema.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na visanduku vyake vitatu vya miche ya nyanya, kila kimoja na kifuniko chake. Ndiyo yale mabaki yangu. Yalikuwa yamekaa juani miezi yote minane, mvua ya mawe ikiyapiga, huku mama akipanda, akihamisha miche, na kupanda tena.

"Hiki cha bango kilipasuka ile siku ya mawe," akasema. "Hiki cha banda miche yake ya kwanza ilikuwa mizuri. Ya sasa imerefuka, imepauka, shingo nyembamba, inatafuta mwanga." Nikainama. Plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Lakini hiki chepesi, tazama mwenyewe."

Chini ya ule utando miche ilikuwa mifupi, minene, kijani kilichokoza. Nikaufuta vumbi kwa kidole, nikaona mistari ya kiganja changu upande wa pili. Hapakuwa na ufa wala alama ya jiwe.

Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikamwomba mama msamaha. Nikamwambia asante, nikarudia.

"Inuka, utanikanyagia miche," akasema.

Seli nikazilaza juu ya kibao chembamba cha fiberi, ile nyepesi ya kutengenezea mashua, juu yake nikagandisha utando. Paneli nzima dada aliinyanyua kwa mkono mmoja.

Siku ya kufungua shule tulimsindikiza wote, na mshona viatu akafunga kibanda, akidai anakwenda kunyoosha miguu. Tulipofika pale betri ilipozoea kuzima, nikatega sikio. Mota ikaendelea kunguruma, gurudumu la mbele likabaki chini, na dada akatuacha, akipiga kengele ya kiti kama mwendawazimu.

Nikageuka nimtazame mama. Alikuwa anapanda mwinuko polepole, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, hata ule wa bega bovu, na viganja viko wazi kama anashika kiti. Alikwenda hivyo hatua kadhaa kabla hajagundua kwamba hasukumi kitu.